Fort Laramie, ngome isiyo na ukuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fort Laramie iko wapi? Ndiyo ule mji wa Laramie?

Siyo, na watu wengi hukosea hapa. Mji wa Laramie, wenye chuo kikuu, uko kusini mwa jimbo la Wyoming, Marekani, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye ngome. Ngome yenyewe, kambi ya zamani ya jeshi la Marekani, iko mashariki mwa jimbo hilo, karibu na mpaka wa Nebraska, pale mto Laramie unapoingia mto North Platte. Jirani yake kuna kijiji kidogo kinachoitwa pia Fort Laramie. Ukiandika "Laramie" peke yake kwenye ramani ya simu, utapelekwa kusiko. Andika "Fort Laramie National Historic Site".

Jina lilitoka kwa mtega wanyama Mfaransa wa Kanada, ambaye kwa kawaida huandikwa Jacques La Ramée. Alipotea kandokando ya mto huo mnamo 1821 hivi, na mto ukabaki na jina lake. Baadaye mlima, ngome na mji vikalirithi.

Kwa nini hakuna ukuta? Ulibomolewa?

Ukuta wa jeshi haukuwahi kuwepo. Mgeni huja na picha ya magogo yaliyochongwa ncha na askari waliosimama juu ya minara, kisha anakuta uwanja mpana wa gwaride wenye nyumba pande zote, kama shule ya bweni. Jeshi lilipoingia lilichora mpango wa kuzungusha ukuta, likaona gharama ni kubwa, likaacha. Pia halikuuhitaji sana. Walakota, Washeyeni na Waarapaho, makabila ya wenyeji wa nyanda hizo, walikuwa wapiganaji wa farasi, wenye mbio na mitego ya uwandani. Kuivamia kambi yenye mizinga kungewagharimu vijana wao bila faida. Waliposhambulia, walilenga mifugo, misafara ya mizigo na makundi ya wakata kuni.

Ngome zenye kuta zilikuwepo kweli mahali hapa, lakini zilijengwa na wafanyabiashara kabla ya jeshi. Hivyo anayesema "ngome ilikuwa na ukuta" na anayesema "haikuwa nao" wanaweza wote kuwa sahihi. Inategemea mwaka wanaouzungumzia.

Basi zilikuwa ngome ngapi?

Tatu, zote ndani ya eneo dogo.

Ya kwanza ni Fort William ya 1834. William Sublette na Robert Campbell waliijenga kwa magogo ya mipopla ya mtoni. Ilikuwa ndogo, takriban mita 30 kwa 24, ukubwa unaotosha kwa biashara ya ngozi za biva (mnyama wa mtoni) na nyati wa Marekani. Mchoraji Alfred Jacob Miller alifika 1837, na michoro yake ndiyo inayotuonyesha sura ya ngome hiyo.

Magogo yaliyofukiwa ardhini huoza upesi, hasa karibu na mto. Mwaka 1841 kampuni ya American Fur Company ilijenga upya kwa matofali mabichi ya udongo na kuiita Fort John. Pia kulikuwa na mshindani aliyejenga karibu, Fort Platte, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kuonekana na boma bovu kuliko la jirani. Hata hivyo watu waliendelea kusema "Fort Laramie", na jina la John halikushika.

Ya tatu ni ya jeshi. Tarehe 26 Juni 1849 serikali ya Marekani ilinunua Fort John kwa dola 4,000. Askari walikuta kuta zimechakaa, wakajenga nyumba zao pembeni. Mabaki ya Fort John yalibomolewa miaka ya 1860, na leo huoni hata jiwe lake.

Kwa nini jeshi lilichagua hapa?

Ni kwa sababu ya njia. Wahamiaji waliokuwa wakienda Oregon, California na Utah walifuata mto Platte, na hapa ndipo walipomaliza takriban theluthi ya kwanza ya safari. Palikuwa na maji, majani, kuni za mtoni na mahali pa kuvukia. Baada ya hapa ardhi inapanda kuelekea milimani na majani yanapungua. Mwaka 1850 pekee walipita watu zaidi ya 40,000, wengi wao wanaume waliokimbilia dhahabu ya California.

Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja: ngome hii ilikuwa ghala, karakana, posta na baraza la mikataba kabla ya kuwa mahali pa vita. Ukiitazama kama kituo cha njia kuu, historia yake inaeleweka. Ukiitazama kama uwanja wa mapigano, utatafuta vita ambavyo havikupiganwa hapa.

Wasafiri walifanya nini walipofika?

Kwanza walitengeneza magurudumu. Hewa ya nyanda hizo ni kavu sana, na mbao za gurudumu husinyaa kuliko chuma kinachozizunguka. Tairi la chuma hulegea, spoku zinacheza, na gurudumu linaweza kusambaratika mteremkoni. Njia ya haraka ni kupiga vipande vyembamba vya mbao kati ya mbao na chuma. Wengine waliloweka gurudumu mtoni usiku kucha, lakini hiyo hudumu siku chache tu, kwa kuwa mbao zikikauka zinasinyaa tena. Tiba ya kudumu ni ya mhunzi: avue tairi, alikate na kulifupisha, alipashe moto mpaka litanuke, alivishe, kisha alimwagie maji ili likaze. Kazi hiyo huhitaji tanuri na mkono uliozoea, na ngomeni vilipatikana.

Pili walipunguza mzigo. Wengi walianza safari na vyakula na samani kupita kiasi. Wakifika hapa, maksai wamekonda na milima iko mbele. Mwaka 1849 nyama ya nguruwe iliyokaushwa ilitupwa kandokando ya njia kwa marundo, pamoja na majiko ya chuma na makabati. Wenye busara waliuza au kubadilisha maksai waliochoka, japo bei ilimpendelea mwenye maksai wenye nguvu.

Tatu waliandika barua. Aliyekufa kwa kipindupindu bondeni mwa Platte, habari zake zilielekea nyumbani kutokea hapa. Ugonjwa huo ulienea kwa sababu maelfu walipiga kambi palepale, wakachimba visima vifupi karibu na vyoo na kunywa bila kuchemsha. Magharibi ya ngome maji yalikuwa ya mwendo kasi zaidi, na vifo vikapungua.

Nyumba zilijengwa kwa vifaa gani, na mbona nyingine ni magofu na nyingine nzima?

Vifaa vilikuwa vitatu: mbao, matofali mabichi, na zege la chokaa. Nyumba ya maofisa ya 1849, Old Bedlam, yaani "nyumba ya makelele", ni ya mbao, nayo ndiyo jengo kongwe zaidi jimboni Wyoming ambalo tarehe yake imeandikwa. Duka la mfanyabiashara wa kambi, lililoanza mwaka uleule, ni la matofali mabichi. Miaka ya 1870 jeshi liligeukia zege la chokaa, na hapo ndipo yalipotoka majengo makubwa kama bweni la wapanda farasi la 1874.

Anayejua chokaa ya matumbawe ya pwani yetu atazitambua hatua hizi, ila hapa jiwe lilikuwa chokaa ya milimani:

1. Mawe ya chokaa hupangwa kwenye tanuu na kuchomwa kwa kuni mpaka yawe mepesi na meupe.
2. Humwagiwa maji yakachemka na kupasuka kuwa unga. Mtu akisogea bila tahadhari huungua macho.
3. Unga huchanganywa na mchanga na kokoto za mtoni.
4. Rojo humiminwa kati ya mbao mbili zilizosimamishwa kwa upana wa ukuta, tabaka moja baada ya jingine. Kila tabaka huachwa likaze kwanza.
5. Ukuta ukikauka hupigwa lipu nje na ndani.

Adui wa ukuta huu ni maji. Chokaa haiwezi kunyonya maji ikabaki salama katika nchi ya baridi kali: maji yakiingia kwenye nyufa huganda usiku, yanatanuka, yanabandua lipu, na msimu unaofuata yanaingia ndani zaidi. Paa na lipu ndiyo uhai wake. Mwaka 1890 kambi ilipouzwa, wanunuzi wengi walitaka mbao. Waling'oa mapaa, sakafu, milango na madirisha. Kuta zilizobaki wazi zikawa magofu katika miongo michache. Majengo mazima unayoyaona ni yale ambayo watu waliendelea kuishi ndani au kufanyia biashara. Hospitali ya 1873 juu ya kilima ni mfano wa upande wa pili. Imebaki kuta tupu, na ilijengwa juu ya makaburi ya zamani ya ngome.

Askari walikula nini?

Posho ya siku ya askari mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilikuwa mkate au unga wakia 18 (gramu 510), pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa wakia 12 (gramu 340) au nyama mbichi ya ng'ombe wakia 20 (gramu 567). Vingine vilihesabiwa kwa posho 100: maharagwe au njegere ratili 15, au badala yake mchele ratili 10; buni mbichi ratili 10, au ratili 8 ikiwa imekaangwa; sukari ratili 15; siki lita 4 hivi; sabuni ratili 4.

Angalia kisichokuwepo: mboga na matunda. Majira ya baridi kiseyeye kilikuwa tishio la kweli. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda vya zamani hufunguka. Tiba ilikuwa bustani kando ya mto, viazi, vitunguu na chochote cha kijani. Bustani yenyewe ilikumbwa na nzige, mvua ya mawe na ukame.

Fedha za kununua mboga zilitoka mahali ambapo wengi hawapategemei: bekari. Unga ukikandwa huongezewa maji, kwa hiyo ratili 100 za unga hutoa mkate wa ratili 130 au zaidi. Askari alistahili wakia 18 za unga, lakini mkate wa wakia 18 ulihitaji unga wa wakia 14 hivi tu. Unga uliosalia uliuzwa, na pesa zikaingia kwenye mfuko wa kambi. Kwa hiyo mwokaji hodari alikuwa na thamani kuliko cheo chake. Mkate usioiva katikati ulimaanisha kuharisha kwa kombania nzima, na hasara juu yake. Bekari ya 1876 na ile iliyoifuata miaka ya 1880 zinaonekana mpaka leo.

Mshahara wa askari wa kawaida kuanzia miaka ya 1870 ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na sehemu yake iliishia dukani kwa mfanyabiashara wa kambi au kwa dobi. Madobi walikuwa wanawake waliotambuliwa na jeshi, hadi wanne kwa kila kombania. Walipata posho kama askari na kulipwa na wale waliowafulia. Wengi walikuwa wake za askari, na bila wao familia nyingi zisingeweza kuishi pale.

Je, ni kweli vita vya jeshi na Walakota vilianza kwa sababu ya ng'ombe mmoja?

Ng'ombe alikuwa chanzo cha siku hiyo. Chanzo cha vita kilikuwa kutofuata mkataba.

Agosti 1854 maelfu ya Walakota walipiga kambi mashariki ya ngome wakisubiri bidhaa walizoahidiwa na serikali. Ng'ombe wa msafiri Mmormoni alitoroka, na Mlakota mmoja wa kabila la Miniconjou aitwaye High Forehead akamuua. Mkuu wa kambi ya Wabrulé, tawi jingine la Walakota, Conquering Bear, alijitolea kulipa. Kwa mujibu wa mkataba wa 1851, jambo kama hilo lilikuwa la wakala wa serikali na wakuu wa makabila, siyo la jeshi. Wakala alikuwa hajafika, na wangeweza kumsubiri.

Tarehe 19 Agosti Luteni John Grattan, kijana aliyetoka chuo cha kijeshi muda si mrefu, alitoka na askari 29, mkalimani na mizinga miwili ili kumkamata High Forehead. Mkalimani alikuwa amelewa na aliwatukana wenyeji badala ya kutafsiri. Mazungumzo yalivunjika, risasi zikafyatuka, na Conquering Bear akajeruhiwa vibaya, naye alikufa baadaye. Grattan na watu wake wote waliuawa.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Septemba 1855, Jenerali William Harney alishambulia kambi ya Walakota huko Blue Water Creek, Nebraska. Waliuawa watu 86, na takriban 70 wakatekwa, wengi wao wanawake na watoto. Hawa ndio waliolipa deni la ng'ombe ambaye mkuu wao alikuwa tayari kumlipa siku ya kwanza. Ukiisoma historia ya ngome hii na kuliruka hilo, umeruka kiini chake.

Mikataba ya Fort Laramie ni ipi, na kwa nini inatajwa mpaka leo?

Ni miwili, na huchanganywa kila mara.

*Wa 1851.* Haukutiwa saini ngomeni. Walikusanyika watu wapatao 10,000 na maelfu ya farasi, na majani kuzunguka ngome hayakutosha. Mkutano ukahamishiwa Horse Creek, takriban kilomita 55 mashariki. Makabila yalikubali njia ipite na ngome zijengwe. Serikali iliahidi bidhaa za dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50. Seneti ilipunguza miaka 50 kuwa 10, pamoja na nyongeza ya miaka 5 ikiwa rais ataridhia, ilhali waliotia saini walikuwa wamesharudi makwao.

*Wa 1868.* Huu ulitokana na ushindi wa wenyeji. Jeshi lilijenga ngome tatu, Reno, Phil Kearny na C. F. Smith, kando ya njia ya Bozeman katikati ya maeneo ya uwindaji ya Walakota. Red Cloud, kiongozi wa Walakota, aliongoza upinzani kwa miaka miwili. Mkataba ulifunguliwa Fort Laramie Aprili 1868, na mpiga picha Alexander Gardner alikuwepo. Red Cloud alikataa kuja mpaka ngome zile ziachwe. Zikaachwa na kuchomwa moto, naye akaweka alama yake Novemba. Walakota walithibitishiwa nchi yote ya Dakota Kusini ya leo iliyo magharibi ya mto Missouri, ikiwemo milima ya Black Hills. Kifungu cha 12 kilisema hakuna kipande kitakachotolewa bila saini za robo tatu za wanaume watu wazima.

Mwaka 1874 msafara wa ofisa wa jeshi George Custer ulitangaza dhahabu Black Hills. Mwaka 1877 Bunge la Marekani lilizichukua bila saini hizo. Kesi ilizunguka mahakamani kwa miongo mingi, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ardhi ilichukuliwa bila fidia halali na kuamuru malipo ya zaidi ya dola milioni 100. Wasioux, yaani Walakota na jamaa zao, wamekataa kuzipokea hadi leo, maana kupokea ni kuuza. Fedha hizo zimezaa riba na kupita dola bilioni moja.

Je, John Phillips kweli alipanda farasi peke yake kilomita 380 kwenye theluji?

Safari ni ya kweli, lakini neno "peke yake" halistahili. Desemba 21, 1866 wanaume 81 wa Fort Phil Kearny waliuawa na Walakota na washirika wao katika mapigano ya Fetterman, na Phillips, raia aliyekuwa pale, akatumwa kuomba msaada. Alikuwa na wenzake kwa sehemu ya njia, na ujumbe ulitumwa kwa simu ya waya kutoka kituo cha Horseshoe kabla hajafika. Aliendelea hata hivyo, akawasili Fort Laramie usiku wa Krismasi, wakati maofisa wakicheza dansi Old Bedlam. Baridi ya kipindi hicho iliua watu na wanyama, kwa hiyo safari inatosha kuheshimiwa bila kuongezwa chumvi.

Lile daraja la chuma karibu na ngome ni la jeshi?

Ndiyo, la 1875. Vipande vilitengenezwa Ohio, vikaletwa kwa reli mpaka mji wa Cheyenne, kisha kwa magari ya nyumbu. Kabla yake watu walivuka North Platte kwa kivuko, na mto ulipofurika mwezi Juni hawakuvuka kabisa. Daraja ndilo lililofungua njia ya Cheyenne kwenda machimbo ya Black Hills, nchi ambayo mkataba ulikuwa umeifunga. Magari yalilitumia mpaka 1958.

Kwa nini ngome ilifungwa?

Reli. Tangu 1867 treni ilipita Cheyenne, kusini zaidi, na mizigo ya jeshi ikahamia huko. Baada ya vita vya 1876 na 1877 kambi ilibaki bila kazi ya maana. Kombania za mwisho ziliondoka Machi 1890, na majengo yakapigwa mnada Aprili. John Hunton, mfanyabiashara wa mwisho wa kambi, alinunua kadhaa na kubaki akiishi hapo. Jimbo la Wyoming lilinunua eneo mwaka 1937, na mwaka 1938 Rais Roosevelt akalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

Nina saa mbili tu. Nianzie wapi?

Kuingia ni bure. Anza kwenye ghala la vyakula la 1884, ambalo sasa ni ofisi ya wageni, uchukue ramani. Nenda bweni la wapanda farasi: chini ni jiko na bwalo, juu ni vyumba viwili vya kulala, kila kimoja cha askari wapatao 60. Usipite dukani bila kugusa ukuta wa matofali mabichi kwa macho, siyo kwa mkono, kwani humomonyoka. Vuka uwanja hadi Old Bedlam, kisha ghala la baruti la 1850, na umalizie kilimani kwenye magofu ya hospitali, ambako mpangilio wote unaonekana pamoja na mito miwili.

Beba maji na kofia, kivuli ni kidogo. Mwinuko ni takriban mita 1,300, jua ni kali hata kukiwa na upepo. Fuata njia zilizofyekwa: majani marefu yana nyoka wa njuga. Daraja liko nje ya eneo la majengo, kwenye barabara inayotoka kijijini, kwa hiyo simama hapo unapokuja au unapoondoka.